Vishindo vya kichwa: mwongozo kamili wa kuvipima kwa vihisi vya kuvaa, kwa makocha wa mpira na ndondi Mbeya

Kwenye kiwanja chochote cha vumbi, kuanzia Mwanjelwa hadi Uyole, kocha anajua nani ana mbio, nani ana mguu wa kushoto, nani hukata pumzi dakika ya 70. Muulize beki wake wa kati amepiga mpira kwa kichwa mara ngapi wiki hii, hana jibu. Muulize kocha wa ndondi kijana wake amekula ngumi ngapi za kichwa kwenye sparingi, yaani mapambano ya mazoezi, za mwezi huu, naye atakuna kichwa. Vihisi vya kuvaa, yaani vifaa vidogo vinavyopima mwendo wa kichwa, vinaweza kulijibu swali hilo. Mwongozo huu ni wa kocha, mwalimu wa michezo au daktari wa timu anayetaka kuanza, iwe ana bajeti ya vifaa au ana simu moja tu.

Kuna kanuni moja ya kushika tangu mwanzo, na nitairudia kila itakapohitajika: kifaa kina ruhusa ya kumtoa mchezaji uwanjani, hakina ruhusa ya kumrudisha. Hakuna namba yoyote inayoweza kuthibitisha kwamba mtu hajapata mtikisiko wa ubongo. Wapo wanaopigwa kishindo kikubwa wakabaki salama, na wapo wanaoumia kwa kishindo ambacho kifaa kimekiandika kama cha kawaida.

Hatua ya 1: Fahamu kinachopimwa

Kihisi hakipimi maumivu wala jeraha. Kinapima namna kichwa kilivyobadili mwendo kwa ghafla, na vipimo ni viwili. Cha kwanza ni mchapuko wa moja kwa moja, yaani kichwa kilivyosukumwa mbele, nyuma au pembeni. Huu huandikwa kwa g, ambapo g 1 ni nguvu ile ile ya uvutano inayotushikilia ardhini, takriban mita 9.8 kwa sekunde mraba. Cha pili ni mchapuko wa mzunguko, yaani kichwa kilivyogeuzwa ghafla shingoni, na huandikwa kwa radiani (kipimo cha pembe) kwa sekunde mraba.

Makocha wengi huangalia g peke yake kwa sababu ni rahisi kuielewa. Usifanye hivyo. Tangu mwaka 1943, mwanafizikia Holbourn wa Oxford alieleza kwamba mzunguko ndio unaoutesa ubongo zaidi, kwa kuwa tishu zake ni laini na zinavutika zikikokotwa upande. Zungusha kibuyu chenye togwa kwa ghafla: kibuyu kinageuka, togwa inabaki nyuma kwanza. Ndiyo maana ngumi inayotoka pembeni ikatua kwenye taya humwangusha bondia aliyekwisha kuvumilia ngumi nzito za paji la uso. Kifaa kisichotoa namba ya mzunguko hakistahili fedha yako.

Hatua ya 2: Kabla ya kununua chochote, hesabu kwa macho

Hatua hii haina gharama na ndiyo inayorukwa sana. Kwa wiki kadhaa rekodi kila mazoezi na kila mechi kwa simu. Iweke mahali pa juu, kwenye jukwaa, ukuta au ngazi iliyoegeshwa, ionyeshe uwanja mzima. Jioni mtu mmoja aketi na daftari aandike kila kishindo cha kichwa: tarehe, jina, dakika, mazoezi au mechi, na kilitokana na nini. Kona, krosi, mpira mrefu wa golikipa, kichwa kwa kichwa, kiwiko, kuanguka. Kwenye ndondi andika raundi, uzito wa mpinzani na ukubwa wa glovu.

Daftari hilo litakuonyesha mambo mawili. Kwanza, vishindo havigawanyiki sawa: kuna wachache wanaobeba mzigo wa timu nzima, mara nyingi mabeki wa kati na mshambuliaji mrefu. Pili, utaona ni zoezi gani linalovizalisha. Hao wachache ndio watakaovaa vihisi kwanza, na zoezi hilo ndilo la kuangaliwa kwanza.

Kwetu huku kuna jambo jingine linalofanya hesabu hii iwe na uzito wa pekee. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo mpira mrefu haupungui kasi angani kama unavyopungua Dar es Salaam, na unafika kichwani ukiwa bado na nguvu. Halafu mpira uliojazwa upepo Pwani ukapandishwa huku huwa mgumu zaidi, kwa sababu hewa ya nje inayoubana imepungua. Ukishuka kwenye basi na mipira yako, ipime upya kwa geji. Sheria za mpira zinaruhusu shinikizo la angahewa 0.6 hadi 1.1. Kwa mazoezi ya vichwa kaa karibu na mwisho wa chini. Wakati wa masika, mpira wa ngozi iliyochakaa hunyonya maji na kuzidi uzito wake. Mpira wa namba 5 unapoanza mechi unatakiwa uwe kati ya gramu 410 na 450. Wako ukiwa umelowa upime kwenye mizani ya dukani, kisha uamue kama unautaka juu ya kichwa cha mtoto wa miaka 14.

Hatua ya 3: Chagua kifaa

Swali la kuuliza ni moja: kihisi hiki kimeshikamana na fuvu kwa kiasi gani? Kikiyumba chenyewe, kitapima kuyumba kwake.

Kinachoshikamana vizuri kuliko vyote ni kinga ya meno yenye kihisi ndani. Meno ya juu yameota kwenye mfupa wa fuvu, hivyo kinga iliyobana vizuri inakwenda sambamba na kichwa. Mwaka 2016 watafiti wa Stanford walilinganisha aina tatu za vihisi wakati wa kupiga mpira kwa kichwa. Kinga ya meno ilisogea chini ya milimita 1 kutoka mahali pake, kibandiko cha nyuma ya sikio kilisogea hadi milimita 4, na kofia laini hadi milimita 13. Ndiyo sababu vibandiko na tepe za kichwani mara nyingi hutoa namba kubwa kuliko ukweli: ngozi na nywele vinateleza. Mwenye nywele ndefu au zilizosukwa ndiyo kabisa.

Vihisi vya ndani ya helmeti vilianza kutumika sana kwenye kandanda ya Kimarekani miaka ya 2000, na vilifundisha mengi, ila kwetu helmeti hizo hazipo. Kofia ya sparingi ya ndondi si mbadala wake. Ni laini, inazunguka kichwani, na kazi yake kubwa ni kupunguza michaniko. Haizuii mtikisiko wa ubongo.

Fulana za kupima mbio zenye GPS nazo zisikuchanganye. Zimekaa mgongoni, na nyingi husoma mwendo mara 100 kwa sekunde, yaani mara moja kila milisekunde 10. Mpira na kichwa hugusana kwa muda unaokaribia huo huo, kwa hiyo kishindo kizima kinaweza kupita kati ya usomaji mmoja na mwingine. Kinga ya meno nzuri husoma mara 1,000 au zaidi kwa sekunde.

Unapoongea na muuzaji, muulize: kinasoma mara ngapi kwa sekunde? Kinatoa mzunguko au g tu? Kina namna ya kujua kama kipo kwenye meno au mfukoni? Naweza kupata data ghafi ya kila kishindo, au napewa rangi nyekundu na kijani basi? Kimewahi kulinganishwa na kichwa cha bandia maabara, na nani aliyelinganisha? Anayejibu kwa kukwepa, achana naye.

Neno kwa vijana wa uhandisi pale MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, na vyuo vingine ambao watataka kuunda chao wenyewe. Ni kazi nzuri na ninaitamani. Lakini kihisi cha bei nafuu cha MPU-6050 mnachofanyia mazoezi kinaishia g 16, na vichwa vingi vya kawaida vya mpira huangukia kati ya g 10 na 30. Kitagota ukutani. Mnahitaji kihisi cha nguvu kubwa kama H3LIS331DL, kinachofika g 400, pamoja na jairo ya kupima mzunguko. Anzeni kwa kukifunga kwenye kichwa cha bandia mnachokidondosha kutoka urefu unaojulikana. Betri ya lithiamu iliyofungwa kwa gundi msiitie mdomoni mwa mtu.

Hatua ya 4: Ruhusa kabla ya meno

Taarifa hizi ni za afya ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu kuwa taarifa nyeti, na kwa mchezaji aliye chini ya miaka 18 ruhusa inatoka kwa mzazi au mlezi. Andika karatasi moja kwa Kiswahili cha kawaida: nini kinapimwa, nani ataona, zitakaa wapi, zitafutwa lini, na kwamba mchezaji anaweza kukataa bila kupoteza namba kwenye kikosi. Mkitaka kuzitumia kwa utafiti wa kuchapishwa, kibali cha maadili ya utafiti wa afya ni lazima, na mnakiomba kabla ya kuanza.

Kaa na wazazi uso kwa uso. Mama atakuuliza, "Mwalimu, hicho kidude kitamlinda mwanangu?" Jibu la kweli ni hapana. Kinga ya meno inalinda meno, kihisi kinahesabu. Kinachomlinda mtoto ni yale utakayobadilisha baada ya kuhesabu. Mwambie hivyo hivyo.

Amueni mapema pia kwamba namba hizi hazitatumika kwenye usajili. Kijana akihisi kuwa mzigo mkubwa wa vishindo utamkosesha timu, kinga itaanza "kusahaulika" nyumbani.

Hatua ya 5: Kufunga, kuchaji, kusafisha

Kinga bora hutengenezwa kwa chapa ya meno ya mchezaji mwenyewe, inayochukuliwa na daktari wa meno. Zipo pia za kulainisha kwa maji ya moto na kuuma. Fuata maelekezo ya mtengenezaji neno kwa neno, maana maji yaliyozidi joto yanaweza kuua saketi. Jaribio la kukaa vizuri ni hili: mchezaji afungue mdomo wazi na kutikisa kichwa kwa nguvu. Kinga ikidondoka au akilazimika kuishikilia kwa ulimi, hiyo haifai kupimia. Kwa watoto ambao meno yanabadilika, kagua upya kila muhula. Kinga ya mwaka jana huwa imeshalegea.

Kila kinga ina jina moja, haiazimwi. Ioshwe kwa maji safi na mswaki baada ya kila matumizi, ikaushwe, irudi kwenye kasha lake. Chaji usiku wa kuamkia mazoezi, usingoje asubuhi, kwa sababu umeme ukikatika huna cha kufanya. Weka na pawabenki kwenye mkoba.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Kazi kubwa siku ya mazoezi ni kulinganisha saa za kamera na za vihisi. Usipofanya hivyo, jioni utakuwa na orodha ya vishindo na video isiyokubaliana nayo. Njia rahisi: kabla ya kupasha misuli, kila mchezaji anasimama mbele ya kamera, anashika kinga yake mkononi na kuigonga kidole mara tatu kwa nguvu, huku mtu akitaja jina na saa kwa sauti. Vigongo vile vitatu vitaonekana kwenye data kama miiba mitatu, na kwenye video utaona kidole. Rudia mwisho wa mazoezi, kwa kuwa saa za vifaa huachana taratibu. Kwa vifaa vinavyorekodi pale tu vinapokuwa kwenye meno, mchezaji aivae kwanza kisha agonge meno kwa meno mara tatu akiitazama kamera.

Andika pia nani ametoa kinga na lini. Wachezaji huitoa wanapokunywa maji, wanapogombana na refa, wanapotaka kupiga kelele. Dakika ambazo kinga haikuwa mdomoni si dakika za sifuri. Ni dakika zisizojulikana, na lazima ziandikwe hivyo.

Hatua ya 7: Chambua kabla ya kuamini

Vifaa vingi huanza kurekodi mchapuko ukivuka kiwango fulani, mara nyingi g 10 hivi au chini ya hapo, na huhifadhi kipande kifupi cha milisekunde chache kabla na baada. Tatizo ni kwamba kuuma kinga kwa hasira, kuitema, kuidondosha au kuirusha kwenye kasha navyo vinavuka kiwango hicho. Kwa hiyo orodha inayotoka kwenye programu ni ya washukiwa tu.

Chukua kila tukio, nenda kwenye video, tafuta sekunde hiyo. Ukiona kichwa kimeguswa, weka alama ya ndiyo. Ukiona mwili umegongwa na kichwa kikayumba bila kuguswa, mfano kukwaana bega kwa bega, weka alama yake tofauti, kwani hicho nacho ni kishindo cha kweli. Ukiona mchezaji amesimama akifunga kamba za kiatu, futa. Usiporuhusu kazi hii ichukue muda wake, ni bora usipime, kwa sababu namba chafu zitakufanya umwogope asiye na shida na umwache mwenye shida.

Hatua ya 8: Kusoma namba

Kuna maswali mawili tofauti, usiyachanganye.

La kwanza ni la papo hapo: je, kishindo hiki kimoja ni kikubwa kiasi cha kumtoa mtu akaguliwe? Shirikisho la raga duniani, World Rugby, tangu Januari 2024 limeziingiza kinga za meno zenye vihisi kwenye utaratibu wake wa ukaguzi wa kichwa kwa mashindano ya juu. Onyo lilipangwa limfikie daktari wa mechi pale kishindo kinapovuka g 75 na radiani 4,500 kwa sekunde mraba kwa wanaume, na g 65 pamoja na 4,500 hiyo hiyo kwa wanawake. Viwango hivyo vilipangwa kwa watu wazima wa raga ya kulipwa. Usivihamishe kwa watoto wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ukadhani chini ya hapo ni salama. Vinakufundisha utaratibu tu: onyo likija, mtu anatoka, anakaguliwa na binadamu. Onyo lisipokuja lakini mchezaji anayumba, anatoka vile vile.

La pili ni la wiki na miezi: mzigo unajumlishwaje? Hapa ndipo kifaa kinapolipa fedha yake, kwa maoni yangu, kuliko kwenye maonyo ya papo hapo. Utafiti wa Glasgow uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa wachezaji wa zamani wa mpira wa miguu wa kulipwa wa Uskoti walikuwa na uwezekano takriban mara tatu na nusu zaidi wa kufa kwa magonjwa ya kuharibika kwa ubongo kuliko watu wengine wa umri wao. Kinachotiliwa shaka zaidi ni marudio ya miaka. Kwa hiyo chora kwa kila mchezaji mstari wa wiki: idadi ya vishindo vilivyothibitishwa, kikubwa kuliko vyote, na vingapi vilitoka mazoezini dhidi ya mechi. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa wiki zilizopita, usimlinganishe na mwenzake.

Hatua ya 9: Badilisha mazoezi

Mechi huwezi kuidhibiti sana. Mazoezi ni yako. Mwaka 2021 Uingereza ilishauri timu za kulipwa zisizidishe vichwa 10 vya nguvu kubwa kwa wiki mazoezini, yaani vile vya mipira mirefu ya zaidi ya mita 35, krosi, kona na faulo. Mwaka 2022 Uskoti ikashauri klabu zake za kulipwa ziache mazoezi ya vichwa siku moja kabla na siku moja baada ya mechi. Kwa watoto wa shule ya msingi mimi ningeondoa vichwa kabisa mazoezini: fundisha kuruka, kusoma mpira na kujipanga kwa mpira mwepesi wa plastiki au kwa kudaka mkononi.

Kwa ndondi, tenga siku za sparingi ya mwili tu, zisizo na ngumi ya kichwa. Usimpambanishe kijana wa miezi mitatu na mwenye mikanda. Kama kinga zinaonyesha kwamba raundi ya mwisho ndiyo yenye vishindo vingi, hiyo ni raundi ya uchovu, mikono imeshuka. Ikate.

Hatua ya 10: Kichwa kikigongwa vibaya

Weka simu chini, mwangalie mtu. Akipoteza fahamu, akidegedeka, akitapika, akilalamika shingo, akiona viwili viwili, akihisi ganzi au udhaifu mkononi au mguuni, maumivu ya kichwa yakizidi, au akianza kuchanganyikiwa na kufanya fujo, hiyo ni dharura ya hospitali. Kama shingo inatiliwa shaka usimwinue wala kumgeuza, mpaka waje wanaojua kumbeba. Ondoa tu kinachozuia pumzi.

Asipokuwa na dalili hizo, muulize taratibu: "Tuko uwanja gani leo? Ni kipindi cha kwanza au cha pili? Nani amefunga bao la mwisho? Mechi iliyopita tulicheza na nani? Tulishinda?" Kosa moja linatosha kumtoa. Hata akijibu yote, ukiwa na shaka anatoka, na siku hiyo harudi. Atakuambia, "Kocha niko fiti, angalia programu iko kijani." Kijani hicho hakina kazi hapa.

Asiachwe peke yake saa za mwanzo, asinywe pombe, asiendeshe bodaboda wala gari. Dalili zinaweza kuja baada ya saa kadhaa, hivyo mpigie mzazi usiku huo huo, na mpe kwenye karatasi majina ya dalili za hatari pamoja na muda wa tukio. Akienda hospitali, mwandikie daktari kile kifaa kilichoonyesha, ila tanguliza ulichokiona kwa macho: alianguka vipi, alikaa chini muda gani, alisema nini alipoinuka.

Kurudi ni kwa ngazi: siku moja au mbili za kupumzika akifanya shughuli nyepesi za nyumbani, kisha mazoezi mepesi ya mwili, mazoezi ya mchezo bila kugusana, mazoezi magumu zaidi, mazoezi kamili baada ya daktari kuruhusu, ndipo mechi. Kila ngazi ichukue angalau saa 24, na dalili zikizidi anarudi ngazi ya nyuma. Mwanafunzi arudi darasani kikamilifu kabla ya kurudi uwanjani. Kihisi avae tena kuanzia ngazi ya mazoezi kamili, na kwa wiki za mwanzo soma data yake jioni ile ile, usiiache hadi mwisho wa wiki.